DaVinci Resolve, toleo la bure: tulivyohariri filamu yetu ya kutisha

Filamu fupi ya kutisha ambayo sisi marafiki watano tuliirekodi kwa simu ya mkononi, tochi mbili na damu ya sharubati iliyotiwa rangi ya chakula, niliihariri kwa DaVinci Resolve, programu ya kampuni ya Blackmagic Design, katika toleo lake la bure, ambalo hutoa video hadi ukubwa wa pikseli 3840 kwa 2160 bila kubandika nembo yoyote juu ya picha. Kilichonivutia zaidi ni ukurasa wa rangi: tukio la makaburini tulilirekodi saa kumi alasiri, kwa kuwa hakuna miongoni mwetu aliyekubali kwenda huko usiku, kisha nikapunguza mwanga na kuongeza rangi ya buluu hadi mchana ukageuka usiku wa mbalamwezi. Ukurasa wa sauti, Fairlight, nao ulitosha kuupa mlango uliokuwa kimya mkwaruzo wa bawaba zenye kutu. Hata hivyo, kifaa cha kuondoa chembechembe, yaani vidoa vidogo vinavyoichafua picha penye mwanga hafifu, ambacho picha za gizani hukihitaji mno, kimo katika toleo la kulipia pekee, liitwalo Studio. Kompyuta nayo iwe na RAM ya gigabaiti 16 angalau.