Kisomeo kipi ununue ukiwa Lubumbashi

Kisomeo changu cha kwanza, yaani kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, nilikinunua kikiwa maiti. Ilikuwa soko la Kenya (Kenya yetu ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi), kwenye meza ya kijana anayeuza chaja, redio na simu za mkono wa pili. Kioo kilikuwa na picha safi, nyeusi na nyeupe, bila mkwaruzo. "Papa, ona vile iko muzuri. Iko mupya kabisa," akaniambia. Nami, mwalimu mzima, nikaona picha nikadhani kinawaka. Nikatoa dola 40. Usiku ule nikakichomeka kwenye umeme. Asubuhi picha ni ileile. Siku ya tatu, ileile. Mama watoto akaniuliza kama nimenunua fremu.

Sijui kama yule kijana alijua anachouza. Huenda naye alidanganywa na picha ile. Visomeo hivi, ambavyo wenzetu wa Kifaransa huviita liseuse, havina kioo kinachowaka chenyewe kama cha simu. Ndani mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi, ndizo wino wake. Umeme ukipita, chembe nyeusi hupanda juu na nyeupe hushuka, au kinyume chake, na zikishatulia hazidai umeme tena. Ndiyo maana chaji hudumu majuma mazima. Na ndiyo maana kifaa kilichokufa mwaka juzi kinaweza kukutazama mezani na picha nzuri usoni. Kwa hiyo usikubali picha. Mwombe muuzaji afungue kitabu, kisha geuza kurasa kumi mwenyewe. Akisema "chaji tu ndiyo imekwisha", mwambie utarudi kesho kikiwa na chaji.

Tangu siku ile nimetumia visomeo vitatu vinavyofanya kazi, nimevunja kimoja, na nimewasindikiza walimu wenzangu wengi kununua vyao. Nasoma asubuhi ndani ya teksibasi kutoka Katuba, nasoma wakati wa mapumziko shuleni, nasoma usiku umeme ukikatika. Orodha iliyo hapa chini, kuanzia kilicho bora, nimeipanga kwa mtu wa namna hiyo, tena anayeishi hapa. Mtu wa Brussels angeupanga vingine, na angekuwa na haki yake.

Jambo linalopanga orodha yangu ni moja: kitabu kitaingiaje? Matangazo husifu wembamba na idadi ya nukta za kioo. Lakini duka za vitabu za ng'ambo zinataka kadi ya benki, na wengi wetu pesa yetu iko kwenye simu. Kitabu kwetu hutoka kwa rafiki mwenye flashi, au kwenye kompyuta ya shule ambako mtu amepakua kazi za zamani zisizo na mwenyewe tena. Kisomeo kinachokubali kitabu kwa njia hiyo bila kuuliza maswali ndicho kinachoshinda.

Cha kwanza: Kobo Clara BW

Kobo ni kampuni ya Kanada, iliyonunuliwa na Rakuten ya Japani mwaka 2012. Clara BW ilitoka 2024, bei yake Marekani wakati huo dola 129.99. Kioo ni cha inchi 6, nukta 300 kwa inchi, kumbukumbu ni gigabaiti 16. Ukikumbuka kwamba riwaya nyingi zisizo na picha hazifiki hata megabaiti 2, utajua hutakijaza katika maisha haya.

Lakini sikukiweka juu kwa sababu ya hizo. Nilikiweka juu kwa sababu ya waya. Nachomeka kwenye kompyuta, kinajitokeza kama flashi, naburuta faili la EPUB ndani, nachomoa, kitabu kipo. EPUB ndiyo aina ya faili ambayo karibu kila anayetoa vitabu vya bure anaitumia. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000 vya bure, na vya Kifaransa vimo kwa maelfu. Jioni moja ya intaneti nzuri mjini inakupa vya kusoma mwaka mzima nyumbani bila mtandao.

Mwanga wake unabadilika kutoka mweupe kwenda wa manjano kama wa taa ya mafuta, na macho yangu yaliyovuka miaka arobaini yanaushukuru. Kinavumilia maji: mita 2 kwa dakika 60, kwa maji yasiyo ya chumvi. Mimi sikuogelea nacho, ila mvua ya Januari ilinikuta nikishuka kwenye basi, begi likalowa hadi madaftari ya wanafunzi yakaungana, na kisomeo nilikifuta kwa shati. Jambo la mwisho: Kobo walishirikiana na iFixit, kampuni ya miongozo na vipuri vya matengenezo, ili kiweze kufunguliwa na kutengenezwa. Katika mji ambao fundi wa simu yuko kila kona, hilo si dogo.

Ukipata Clara 2E ya 2022 kwa bei ya chini, ichukue. Tofauti ni ndogo. Clara HD ya 2018 nayo inasoma vizuri, ila haivumilii maji na tundu lake la chaji ni lile la zamani, micro-USB, ambalo hulegea. Ichomeke waya, itikisetikise kidogo, uone kama alama ya chaji inapotea.

Kuna pia Clara Colour, yenye rangi. Nilikishika cha rafiki. Rangi zake zimepauka kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, na karatasi yenyewe ni ya kijivu kuliko ya BW, kwa kuwa kuna tabaka la rangi juu ya wino. Kama kazi yako ni katuni, sawa. Kwa maneno matupu, hapana.

Shida ya Kobo ni kukipata. Mezani sokoni sijawahi kukiona. Changu aliniletea yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, kutoka Ulaya. Ufaransa na Ubelgiji kinauzwa Fnac.

Cha pili: Kindle Paperwhite ya 2021, ya mkono wa pili

Hiki ndicho utakachokutana nacho kwa urahisi, hasa kupitia wanaosafiri Afrika Kusini. Kioo inchi 6.8, nukta 300, mwanga wa manjano upo, maji kinavumilia, tundu la chaji ni la kisasa, USB-C. Kwa kusoma tu, ukurasa kwa ukurasa, sioni kama Kobo inaishinda. Hata kukishika mkononi ni kitamu zaidi.

Mtengenezaji anasema chaji hudumu hadi majuma 10. Soma maandishi madogo: ni kwa nusu saa ya kusoma kila siku, mtandao ukiwa umezimwa. Piga hesabu: ni kama saa 35 za kusoma. Mimi nasoma saa tatu kwa siku, kwa hiyo kinanipa siku 11 au 12. Bado ni ajabu. Simu yangu haimalizi hata siku moja.

Mbona basi ni cha pili? Ukiburuta EPUB ndani ya Kindle kwa waya, kitabu hakionekani. Lazima ukitume kupitia huduma yao ya mtandaoni, au ukigeuze kwanza kwa Calibre, programu ya bure ya kompyuta. Calibre ni nzuri mno, naitumia hata kwa Kobo kupanga vitabu, lakini kwa asiye na kompyuta yake ni safari ya saiba, duka la intaneti, kila mara. Tena tangu tarehe 26 Februari 2025 Amazon, wenye Kindle, waliondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwao na kuviweka kwenye kompyuta. Mambo yao yanazidi kufungwa kila mwaka.

Ukinunua cha mkono wa pili, ingia kwenye mipangilio utazame kimesajiliwa kwa jina la nani. Kama bado kina jina la mwingine, alifute huyo mwingine, wewe ukiwepo. Kilichoripotiwa kuibwa kinaweza kukataliwa kabisa kusajiliwa upya, na hapo umenunua fremu nyingine. Kisha washa mwanga hadi mwisho gizani, weka viganja viwili juu ya kioo kama huna giza, uangalie madoa na mistari.

Kindle ya kawaida, ile ya 2022 au 2024, ni ndogo, nyepesi, nukta ni zilezile 300, bei ya 2024 ilikuwa dola 109.99. Haina mwanga wa manjano na haivumilii maji. Ya 2019 na za nyuma yake zina nukta 167, herufi zake zina meno. Na zile za kale kabisa zisizo na taa, kama Kindle 4 ya 2011, ziache hata ukipewa kwa dola 15. Usiku wa kukatika umeme utahitaji mshumaa ili usome mashine.

Cha tatu: simu uliyonayo

Naam, juu ya vyote vilivyobaki. Sitaki mtu akope ili asome. Weka ReadEra, ni ya bure na haina matangazo, inasoma EPUB na PDF pia. Geuza kurasa ziwe nyeusi na herufi za kijivu usiku. Halafu zima mtandao, maana adui wa kitabu kwenye simu si mwanga, ni WhatsApp ya familia. Nilisoma miaka miwili hivi kabla ya kuwa na dola za kununua kitu.

Mahali simu inaposhindwa kabisa ni juani. Mwezi wa Agosti, saa sita mchana, nje ya darasa, kioo cha simu ni kioo cha kujitazamia. Kisomeo cha wino, kadiri jua linavyokuwa kali ndivyo kinavyosomeka.

Cha nne: PocketBook Verse

Kizuri. Kampuni hii ilianzia Kyiv mwaka 2007, nayo hupokea aina nyingi za faili kuliko Kobo na Kindle, na ina mahali pa kadi ya kumbukumbu, jambo ambalo kwetu ni dhahabu: rafiki anakupa kadi, unachomeka, basi. Kama kingepatikana kwa urahisi ningekipandisha hadi cha pili. Lakini kikiharibika, nani hapa amewahi hata kukiona?

Cha mwisho: tableti ya bei nafuu

Tableti ni ya watoto. Utainunua kwa ajili ya vitabu, Jumapili utaikuta kwenye mchezo wa magari, chaji asilimia 3.

Kwa wenye silabusi

Wanafunzi wa chuo kikuu, kule Kasapa, huniuliza hili kila mara, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Silabusi yako, yaani maandishi ya kozi, ni PDF, ukurasa wa A4: sentimita 21 kwa 29.7. Kioo cha inchi 6 ni kama sentimita 9 kwa 12. Ukurasa ule ukibanwa humo, herufi zinakuwa mchanga. PDF haijipangi upya kama EPUB. Ni kama picha ya karatasi, na kuikuza maana yake ni kusukuma kioo kushoto na kulia mstari baada ya mstari. Nimeona vijana wakikata tamaa baada ya juma moja na kukiuza.

Ukiwa na Kobo au PocketBook unaweza kuweka KOReader, programu ya bure inayokata pambizo na hata kuyapanga maneno upya. Kwa maandishi matupu inafanya kazi vizuri kiasi. Kwa majedwali, fomula na kurasa zilizopigwa picha zikiwa zimepinda, sahau. Vipo visomeo vya inchi 10, kama Kindle Scribe au Kobo Elipsa, lakini Scribe ilitoka 2022 kwa dola 339.99. Kwa pesa hiyo tafuta kompyuta ya mkono wa pili, usome silabusi humo na uandikie kazi yako ya mwisho humohumo.

Kwa msomaji wa Kiswahili, neno moja: hakuna kati ya hivi chenye kamusi ya Kiswahili ndani yake. Ukigusa neno la Kifaransa maana inatokea. Ukigusa la Kiswahili kifaa kinanyamaza. Kamusi yangu ya karatasi bado iko kando ya kitanda, na mashairi pia nayasoma kwenye karatasi, kwa kuwa ukikuza herufi mishororo inakatika vibaya.

Cha kununua siku ileile ni jalada gumu. Chini ya ule uso laini, visomeo vingi vina kioo chembamba cha kweli, na hakipendi kubonyezwa katikati. Kile nilichovunja hakikuanguka. Kilikuwa ndani ya begi la kitambaa, mama mmoja mnene akakaa juu yake kwenye basi, wala hakuna kilicholia. Nilipokifungua, nusu ya ukurasa ilikuwa mistari, nusu nyingine sentensi iliyoganda palepale nilipoishia. Anayekubebea kutoka nje, mwambie akiweke begi la mkononi, si kwenye sanduku linalotupwa.

Kile cha soko la Kenya bado ninacho. Kila anayeniomba nimsindikize kununua, namshikisha hicho kwanza, simwambii kitu. Hukitazama, hukigeuza, kisha huniuliza kinachaji kwa waya gani.