Wiki 12 za chakula cha kupimiwa na masomo ya kisukari: uzoefu wangu

Nilijiunga na huduma hii HbA1c yangu ikiwa asilimia 8.9. Kwa asiyekijua kipimo hicho, kinaonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Kinasoma sukari iliyojishikiza kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takriban siku 120. Ndiyo maana hukidanganyi kwa kujinyima siku moja kabla ya kwenda maabara. Kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari, na daktari wangu alitaka nishuke chini ya 7. Nilikuwa na mwaka wa nne na kisukari cha aina ya pili, nameza vidonge vya aina mbili, na kila kliniki naambiwa neno lile lile: "Punguza wanga, baba." Nipunguze kiasi gani, na kutoka wapi, sikuwahi kuonyeshwa.

Huduma yenyewe iko hivi. Kwa wiki 12 wanakuletea milo miwili kwa siku, siku tano za wiki, kila mlo kwenye kopo lake lenye lebo inayotaja gramu za wanga. Siku mbili zilizobaki unapika mwenyewe. Mara moja kwa wiki mnakutana kwa video, wagonjwa wanane na mtaalamu wa lishe, na lazima uwe na mashine yako ya kupimia sukari.

Kopo la kwanza nilipolifungua nilidhani wamekosea oda. Nusu nzima ilikuwa mboga, robo samaki, robo wali. Lebo ilisema gramu 45 za wanga kwa mlo mzima. Jioni ile nikachukua kikombe cha kupimia, nikapima wali ninaojipakulia kila siku: vikombe vitatu. Kikombe kimoja cha wali ulioiva kina karibu gramu 45, kwa hiyo nilikuwa nakula kama gramu 135 kwa mkao mmoja, bado sijagusa kitu kingine. Miaka minne nilijiona mtu asiyekula vitamu, na kweli sikuvila.

Ila nisifiche: chakula peke yake kisingenifikisha popote. Kilichonibadilisha ni somo la wiki ya pili, tulipofundishwa kupima kwa jozi. Unapima kabla ya kula, unakula, unapima tena saa mbili tangu ulipoanza kula. Malengo tuliyopewa, yanayotumika kwa watu wazima wengi, ni kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya mlo na chini ya 10 baada yake (mashine yangu inasoma milimoli, inayosoma miligramu itakuonyesha 80 hadi 130, kisha chini ya 180). Zamani nilipima asubuhi tu, naandika namba daftarini, basi. Namba moja haikwambii kitu kuhusu sahani. Jozi inakwambia.

Jozi ndiyo iliyoniachisha juisi. Nilikuwa nakunywa juisi ya machungwa niliyoikamua mwenyewe, bila sukari, nikiamini ni dawa. Kabla 6.4, baada 12.1. Mtaalamu akaniuliza kwa upole, "Glasi hiyo umekamua machungwa mangapi?" Manne. Akaniuliza kama ningeweza kuketi nikala machungwa manne mfululizo. Siku iliyofuata nilikula chungwa moja zima na nyama yake, nikapima: 8.2. Nyuzinyuzi zilizobaki kwenye chungwa zima hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na moja si manne. Nimesoma vipeperushi vingi vinavyosema hivyo hivyo, lakini havikunigusa kama namba iliyotoka kwenye kidole changu.

Jaribio jingine lilikuwa la mpangilio wa kula. Mlo ule ule, kopo la aina ile ile, siku mbili tofauti. Siku ya kwanza nilichanganya kama kawaida, ikafika 10.8. Siku ya pili nilianza na mboga, nikafuata samaki, wali nikaumalizia mwisho: 8.9. Wengi kwenye kundi letu waliona tofauti ya namna hiyo, ingawa si wote. Kutembea dakika 15 baada ya kula pia kulisaidia.

Sasa malalamiko yangu, na la kwanza ni zito. Wakati wa kujiunga waliniuliza uzito, urefu, vyakula nisivyovipenda, mzio. Dawa hawakuuliza. Mimi natumia metformini pamoja na glibenklamidi, na glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama umekula kidogo. Ukikata wanga ghafla huku umemeza dozi ile ile, sukari inaweza kuporomoka. Siku ya tisa, saa tano asubuhi, mikono ilianza kutetemeka, jasho likanitoka, nikawa naangalia simu yangu nisielewe ninachosoma. Mashine ikasema 3.3. Chini ya 3.9 tayari ni hatari. Mke wangu alinipa nusu glasi ya juisi, kama gramu 15 za sukari, tukasubiri dakika 15, tukapima tena: 4.6. Nikala kitu nikatulia. Daktari alinipunguzia dozi kesho yake, akanishangaa kwamba sikumwambia kabla ya kuanza.

Nakuomba, wewe unayetumia vidonge vya kundi la glibenklamidi au insulini, nenda kwa daktari wako kabla kopo la kwanza halijafika. Huduma ya namna hii haistahili kupeleka chakula kwa mgonjwa ambaye hawajui anameza nini. Niliwaandikia, wakaniomba radhi, na wagonjwa waliojiunga baadaye wananiambia fomu sasa inauliza. Nimefurahi kwa hilo.

La pili ni chumvi. Lebo ilitaja wanga, protini na mafuta, chumvi kimya. Wengi wetu wenye sukari tuna presha pia, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Milo yenye mchuzi ilinionjesha chumvi nyingi, nikauliza, jibu likachukua wiki mbili, nalo halikuwa na namba.

La tatu ni upweke wa kopo. Familia inakula pamoja, wewe una chakula chako pembeni chenye lebo. Mwanangu mdogo aliniuliza kama nakula chakula cha hospitali, na lile swali lilinikaa moyoni. Katika wiki ya tano mke wangu aliomba kuhudhuria masomo, wakamkubalia bila shida. Kuanzia hapo siku zetu mbili za kupika zikawa za nyumba nzima: mboga nyingi zaidi, maharage, wali wa kupimwa, sahani moja kwa wote. Kama ningekuwa mwenye huduma, mpishi wa nyumbani angealikwa tangu wiki ya kwanza, maana makopo yakiisha ni yeye anayebaki na mgonjwa.

Matokeo: baada ya wiki 12 HbA1c ilishuka hadi 7.3, na kilo sita zimepungua. Miezi mitatu baadaye, bila kopo hata moja, ilikuwa 7.1. Namba hii ya pili naithamini kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ile ya kwanza nilipikiwa.

Sikuendelea na milo. Gharama yake si ndogo, na sioni tena ninachonunua. Masomo nimeyabakisha, mara moja kwa mwezi, mimi na mke wangu. Makopo mawili niliyaosha nikayaweka jikoni. Moja lina mstari niliouchora kwa kalamu ya wino, pale robo ya wali inapoishia, na ndilo tunalotumia kupakulia.