Msumeno wa mkono au chenso (msumeno wa injini) katika korongo la Escalante?

Wanaojitolea kuondoa mzeituni wa Kirusi, mti vamizi wenye miiba, kando ya mto Escalante, Utah, Marekani, hubishana hili kila mara. Kwa kasi, chenso inashinda: shina nene kama paja huanguka kwa dakika chache. Ila petroli, tupa na mnyororo wa akiba hubebwa mgongoni, na ikigoma, korongoni hakuna fundi. Msumeno wa mkono ni mwepesi na wa bei nafuu. Kwenye matawi ya miiba naupenda zaidi. Hata utumie upi, kisiki kisipopakwa dawa ya kuua mimea papo hapo kitachipua tena. Mkiwa wachache kwa siku mbili za kung'oa miche, acheni chenso. Mkiwa na mkataji aliyefunzwa na wiki nzima ya kichaka kizito, ibebeni.