CoMapeo: programu ya ramani kwa jamii zinazotetea ardhi yao

Ramani nyingi za serikali na za kampuni za uchimbaji huonyesha msitu kama eneo tupu lenye mito michache na mistari ya vitalu (maeneo yaliyogawiwa kwa uchimbaji), na utupu huo hugeuzwa kuwa hoja: kama hakuna kilichopo, basi hakuna aliyenyang'anywa kitu. CoMapeo ni programu ya bure inayojibu hoja hiyo. Imetengenezwa na shirika la Awana Digital, lililoitwa Digital Democracy hapo awali, na ni mrithi wa Mapeo, ambayo iliundwa kwa kushirikiana na jamii asilia za Amazon. Naipa alama za juu hasa kwa sababu kumbukumbu zote hubaki mikononi mwa wenye ardhi.

Matumizi yake ni mepesi. Mtu husimama mahali husika, huchagua alama ya jambo analotaka kulirekodi, iwe ni chemchemi, kaburi au mti uliokatwa na wavamizi, hupiga picha na kuandika maelezo mafupi, huku simu yenyewe ikinasa majiranukta, yaani namba zinazoonyesha mahali hapo kwenye ramani. Hakuna haja ya intaneti, wala ya kufungua akaunti. Wanaporudi kijijini, wenzake wa mradi mmoja huunganisha simu zao kwenye Wi-Fi moja, hata ile isiyo na intaneti, na kumbukumbu husambaa kutoka simu hadi simu mpaka kila mmoja awe na nakala. Ninalithamini sana jambo hili, kwa kuwa picha ya mkataji miti haramu inaweza kumponza aliyeipiga, na ni heri isipite kwenye seva ya mtu baki bila jamii yenyewe kuridhia.

Thamani ya ramani za namna hii ilionekana wazi nchini Ecuador. Wawaorani, jamii asilia ya Amazon katika mkoa wa Pastaza, wakitumia Mapeo, walichora ardhi yao kwa vitu ambavyo ramani ya mafuta haikuwa navyo: njia za jagwa (paka mkubwa wa porini anayefanana na chui), mimea ya dawa, vivuko vya vijito, sehemu za kuvulia samaki, na mahali mababu zao walipopigana vita. Kisha waliishtaki serikali kwa kutowashauri ipasavyo kabla ya kuitangaza ardhi hiyo kuwa kitalu namba 22 cha mafuta. Mnamo Aprili 2019 mahakama iliwapa ushindi, na rufaa ya serikali ilishindwa mwezi Julai mwaka huohuo. Nemonte Nenquimo, mmoja wa viongozi wao, alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2020.

Hata hivyo, anayeipakua programu hii akidhani ramani ni hatimiliki atavunjika moyo. Waogiek, jamii asilia ya msitu wa Mau nchini Kenya, walishinda kesi yao katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, mwaka 2017, na mwaka 2022 mahakama hiyohiyo iliamuru ardhi yao ipimwe, iwekewe mipaka na itolewe hati. Pamoja na hayo yote, Novemba 2023 baadhi yao walibomolewa nyumba na kufukuzwa msituni. Ushahidi ni sehemu moja tu ya kazi, na sehemu iliyobaki inahitaji mawakili, fedha na shinikizo la miaka mingi.

Programu yenyewe ina upungufu wake. Toleo la simu ni la Android pekee. Chini ya miti iliyosongamana simu huchelewa kupata mahali ilipo, kwa hiyo inafaa kusubiri usahihi uongezeke kabla ya kuhifadhi. Kutengeneza orodha ya alama zinazolingana na maisha ya jamii fulani, kwa majina ya lugha yao, kunahitaji mtu anayeimudu kompyuta, na si kila kijiji kina mtu huyo. Simu ikipotea kabla ya kubadilishana kumbukumbu na nyingine, kazi ya siku nzima hupotea nayo.

Zaidi ya hayo, kilichokwisha kusambaa kwenye simu za wengi si rahisi kukirudisha. Ndiyo maana ningependekeza wazee na vijana wakae pamoja kabla ya simu ya kwanza kuwashwa, wakubaliane ni matambiko gani, ni makaburi gani na ni dawa zipi hazitaingia kwenye ramani kabisa.