Uzoefu wangu: walianika majibu yote ya mchezo wangu kwenye menyu

Nilikuwa nimepanga kuipa huduma hii nyota tatu. Jina lake silitaji, aliyewahi kuitumia ataijua kwa tabia. Ni mojawapo ya zile za kujenga tovuti kwa kuburuta picha na maandishi kwa kidole, bila kuandika hata mstari mmoja wa programu. Wenyewe wanainadi kwa wenye saluni, maduka na wapiga picha za harusi. Mimi niliitumia kutengeneza mchezo, na kwa muda mrefu ilinitendea mema. Hilo nalisema mapema kabla hasira haijanipanda.

Mchezo wenyewe ni wa vitendawili. Unaufungua kwenye kivinjari cha simu, hupakui kitu. Unakuta ukumbi wa nyumba ya kizamani na mlango umefungwa. Sauti inasema "Kitendawili!", wewe unagusa kitufe cha "Tega!", kinakuja: nyumba yangu haina mlango. Sasa huduma hii ina uwezo wa kufunga ukurasa kwa nenosiri. Nadhani waliuweka ili mwenye duka afiche bei za jumla. Mimi nenosiri nikaweka "yai". Mtoto akiandika yai, ukurasa unafunguka, anaingia chumba cha pili na kukutana na kuku aliyetagia miibani. Hakuna ufundi wowote hapo, ni kurasa zilizounganishwa kwa viungo, lakini mtoto anajua amefungua mlango kwa akili yake.

Na akishindwa? Anatoa mji, kama tulivyolelewa. Nilitengeneza kurasa za miji: Pangani, Bagamoyo, Kilwa, Mombasa, Lamu. Unatoa mji, mtegaji anausafiria, anakusimulia alivyopokewa na alichokula huko, ndipo anakupa jibu. Sauti ya mtegaji ni ya shangazi yangu aliyeko Maskati, alirekodi kwenye simu akanitumia, na mle ndani anacheka kicheko chake chote. Watoto wa mtaani kwetu hapa Tanga walikuwa wanashindwa makusudi ili wapelekwe Kilwa. Nikiona hivyo moyo wangu unajaa.

Michezo ya namna hii haikuanza na mimi. Mwaka 2020, korona ilipofunga watu majumbani, mkutubi wa maktaba ya umma ya Peters Township kule Pennsylvania, Marekani, alitengeneza kwa Google Forms chumba cha kujinasua, yaani mchezo wa kutegua mafumbo mpaka utoke ulipofungiwa. Naam, fomu zilezile tunazojaza kabla ya semina. Jibu likikosewa fomu haikupeleki mbele, na hiyo ndiyo kufuli yake. Watu wa nchi nyingi waliucheza. Wapo walimu wanaotumia slaidi zenye viungo, wapo wanaotumia jedwali la hesabu. Mwenye hamu ya kutengeneza mchezo huuchonga kwa chochote alicho nacho mkononi, na mimi naona hapo ndipo michezo mizuri zaidi inapopatikana, kwa sababu mtengenezaji hana cha kujificha nyuma yake. Hana michoro ya kung'aa. Ana wazo tu.

Sasa kilichotokea.

Ilikuwa baada ya sikukuu, mpwa wangu akanitumia ujumbe: "Shikamoo Ma'mdogo. Mbona majibu yote yako pale juu?"

Nikafungua mchezo. Kwenye kona kulikuwa na vile vistari vitatu vya menyu, ambavyo tangu mwanzo nilivizima. Nikavigusa. Ukashuka msururu wa kurasa zangu zote kwa majina yake, wazi, kwa maandishi makubwa: Ukumbi. Chumba cha yai. Chumba cha nanasi. Chumba cha macho. Darini. Umeshinda. Mtoto aliyeufungua mchezo kwa mara ya kwanza angeweza kugusa "Umeshinda" kabla hajategwa hata kitendawili kimoja, na makofi yakapigwa.

Walifanya maboresho usiku. Hakuna barua pepe, hakuna onyo. Kile kitufe cha kuficha ukurasa kwenye menyu, kilichokuwa cha bure siku zote, kimehamishiwa kwenye kifurushi cha kulipia.

Hapo nilikuwa bado nimetulia, wallahi. Nyota mbili nilikuwa naziona. Kampuni inahitaji fedha, sina ugomvi na hilo. Kilichonichoma ni huduma kwa wateja.

Baada ya kuzungushwa na roboti nikapata mtu. Nikamweleza kwa adabu kwamba menyu imeanika majibu ya mchezo wangu, naomba irudi ilivyokuwa. Akajibu kwamba menyu mpya inawasaidia wateja wangu kuziona bidhaa zangu haraka. Nikamwambia sina wateja wala bidhaa, ni mchezo wa watoto. Akakaa kimya kidogo, kisha akaandika kwamba ameikagua tovuti yangu na haoni mchezo wowote, anaona kurasa za kawaida zenye picha na vitufe. Kisha akanibandikia bei ya kifurushi. Kisha akafunga mazungumzo, kikatokea kikaratasi cha kuniuliza nimefurahia huduma kwa nyota ngapi.

Haoni mchezo wowote!

Nimelirudia neno hilo usiku na mchana. Huyu mtu ameangalia ukumbi, akaangalia mlango, akaambiwa "Kitendawili!", na hakujibu "Tega". Ameona vitufe. Angenijibu kwamba hawawezi, ningeelewa. Angesema sheria ndiyo hiyo, ningenung'unika nikalipa. Lakini kuniambia kitu nilichokitengeneza hakipo, kitu ambacho watoto wanakichezea wakigombania simu ya mama yao, huo ni ufidhuli. Mchezo ni lazima uwe na bunduki na magari ndipo uonekane? Bao linachezwa kwa mashimo na kete, nalo je, ni ubao wa kawaida wenye mashimo?

Kwa hiyo nyota mbili nimezifuta. Moja.

Nikaamua kuhama. Nikatafuta kitufe cha kupakua tovuti nzima. Hakipo. Nilichojenga humo kinabaki humo, na siku wakifunga mlango wao kinakwenda nacho. Ni kujenga nyumba ya mawe kwenye kiwanja cha mtu. Na usidhani natia chumvi, yameshatokea kwa wakubwa. Yahoo walipoifunga GeoCities, huduma yao ya watu kujijengea kurasa za mtandaoni, mwaka 2009, kurasa za watu wa kawaida zilizojengwa kwa miaka zilitoweka, zikabaki zile ambazo watu wa kujitolea waliwahi kuzinakili. Linganisha na Flash, ile programu iliyokuwa ikiendesha michezo na katuni kwenye vivinjari. Adobe waliacha kuihudumia mwishoni mwa 2020, na michezo yake ikagoma kwenye vivinjari vyote vikubwa. Lakini mchezo wa Flash ulikuwa faili, mtu aliweza kuliweka kwenye kompyuta yake. Ndiyo maana leo mingi inafunguka tena kwa programu iitwayo Ruffle. Aliyekuwa na faili mkononi hakupoteza.

Rafiki yangu mwalimu akanielekeza Twine, programu ya bure iliyoanzishwa na Chris Klimas mwaka 2009. Unaandika hadithi kwa vipande, ukitaka kiungo unazungushia neno mabano mraba mawili kila upande, na ukimaliza unapata faili moja la HTML, yaani ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari, ambalo ni lako. Nimelituma kwa WhatsApp, likafunguka kwenye simu isiyo na bando hata chembe. Hakuna menyu ya kuanika chochote.

Lakini nitakuwa mkweli, maana naandika kwa ajili ya wengine: Twine haikunipa kile nilichokuwa nacho kule. Kule nilikuwa naishika picha ya mlango na kuiweka pale ninapotaka, kwa kidole. Kwenye Twine, kuweka picha mahali pake ni kuandika maagizo, na kisanduku cha mtoto kuandikia jibu ni kujifunza maagizo mengine tena. Mama yangu, ambaye kusoma anasoma kwa taabu, alinisaidia kuupamba ukumbi kule kwa kupanga mikeka na kawa mwenyewe kwenye skrini. Twine haitampa hilo. Na ndiyo maana hasira yangu haiishi: kitu chao ni kizuri! Kimewekwa mikononi mwa watu ambao hakuna kampuni ya michezo ingewafikiria, halafu wenye kitu hawajui walichonacho. Wanaona saluni tu.

Wiki hii nimewalipa. Ndiyo, nimelipa, mwezi mmoja, kwa sababu kuna mtoto mmoja alikuwa amebakiza chumba kimoja afike darini na sikutaka amalize kwa kuchungulia menyu. Kurasa zimejificha tena. Kila kitu kinafanya kazi vizuri mno, kwa wepesi, kama zamani, na hilo linaniuma zaidi. Nyota yangu inabaki moja mpaka waweke kitufe cha kupakua, na mpaka yule mfanyakazi, au mkubwa wake, aufungue mchezo wangu na kutegua mpaka mwisho.

Kama una mchezo wako kwenye huduma za namna hii, leo hii nakili maandishi yako, hifadhi picha na sauti kwenye simu na kwenye kompyuta, na majina ya kurasa yabadilishe yasitaje jibu. Mimi nimeanza kuhamisha kurasa za miji. Kilwa imekwisha, Lamu naianza kesho.