TAHADHARI: Nati na paipu za breki za Land Rover za zamani "orijino kutoka Uingereza" zinazotumwa kwa basi

Wakuu, habari zenu. Nawaandikia hasa wenye Land Rover za zamani, Series II, IIA na III, zile 88 na 109 ambazo bado zinabeba mahindi, ng'ombe na watu huku kwetu. Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook akiuza seti ya nati na paipu za breki, anaziita orijino kutoka Uingereza. Msinunue. Kama umeshanunua na zimeshafungwa, gari lisitoke hapo lilipo mpaka zifunguliwe na zikaguliwe moja moja.

Mimi ni fundi wa breki hapa Arusha. Mzigo wa huyu jamaa naujua kwa sababu wateja wananiletea niufunge. Ila mzee mmoja wa Karatu alileta gari likiwa limeshafungwa kwingine. Alikuwa anateremka kutoka Rhotia kwenda Mto wa Mbu, ana abiria, pedali ikaanza kuzama chini ya mguu. Kilichomwokoa ni hendibreki. Kwenye hizi Land Rover hendibreki inakamata shafti nyuma ya gia boksi na haitegemei kabisa mafuta ya breki. Akaingiza gia ndogo, akavuta hendibreki, akasimama pembeni kabla ya kona. Nilipofungua gurudumu la mbele kushoto, nati ya paipu ilitoka kwa vidole, bila spana. Meno yake yalikuwa yameshalika.

Naomba muelewe kwa nini ilitoka, maana nati hii ikiwa mkononi inaonekana nzima kabisa.

Land Rover za Series zilitengenezwa kwa vipimo vya inchi. Kwenye paipu nyembamba ya breki, ile ya inchi 3/16, nati yake, ambayo meno yako kwa nje na inaingia kwenye tundu la silinda ya breki, ni ya 3/8 UNF (meno membamba ya kipimo cha inchi), meno 24 kwa kila inchi. Magari ya Kijapani na mengi ya Ulaya yanatumia M10, meno ya milimita 1. Sasa tazameni hesabu. Inchi 3/8 ni milimita 9.5 na ushee, M10 ni milimita 10. Umbali wa jino hadi jino kwenye UNF ni milimita 1.06 hivi, kwenye M10 ni milimita 1 kamili. Tofauti ni ndogo mno, jicho haliioni, na hata mkono wa fundi mzoefu unaweza kudanganyika. Nati ya UNF ukiiweka kwenye tundu la M10 inaingia vizuri tu, imelegea kidogo, na inakaza. Inakaza kwa kushika ncha za meno tu. Ukikanyaga breki ya ghafla, presha ndani ya paipu inaweza kupita psi 1,000, wakati tairi la gari dogo tunajaza kama psi 30. Ncha za meno hazibebi kitu hicho.

Kinyume chake, nati ya M10 haitakiwi kuingia kwenye tundu la 3/8. Ni nene. Hapo ndipo utapeli wenyewe ulipo. Huyu jamaa anachukua nati za kawaida za M10, hizi za Toyota zinazopatikana kila duka la spea, anazipeleka kwa mkereza zipunguzwe unene, halafu anazipaka rangi ya njano ya kung'aa ili zifanane na zilizotoka kiwandani. Unene umekuwa wa inchi, meno yamebaki ya milimita. Inazunguka raundi mbili tatu kwa raha, halafu inakuwa ngumu. Fundi anafurahi, anadhani imefika kitako. Haijafika. Akiongeza nguvu, meno ya silinda yenyewe yanaliwa, na hapo hasara si nati tena, ni wili silinda nzima. Kwenye pakiti nyingine nimekuta zimepitishwa dai (kifaa cha kukatia meno) ya UNF juu ya meno ya zamani, ukiweka kwenye mwanga unaona meno mawili yamelaliana, ncha zimevimba na kuwa butu. Hizo ni mbaya kuliko zote kwa sababu zinaingia mpaka mwisho.

Land Rover nyingi za miaka hiyo zina mfumo mmoja tu wa breki. Nati moja ikiachia kwenye gurudumu moja, magurudumu yote manne yanakosa breki. Ndiyo maana naandika kwa herufi kubwa pale juu.

Paipu zake nazo. Anauza roli ya kopa nyekundu, laini, inayokunjika kwa mkono. Hiyo ni paipu ya friji. Kipenyo chake kinalingana na cha paipu ya breki, ndiyo maana inapita kwenye nati bila shida. Kopa tupu ikitikiswa muda mrefu inakuwa ngumu na kupasuka, na Land Rover inatikisika kuliko gari lolote mnalolijua. Paipu ya breki ni chuma kilichopakwa kinga ya kutu, sumaku inanasa, au ni mchanganyiko wa kopa na nikeli, ambao rangi yake imefifia kuelekea fedha, si nyekundu ya sarafu mpya. Ndani ya seti kuna pia viungio vyenye pete ya kubana, vile vya mabomba ya friji na gesi. Hivyo havina kazi yoyote kwenye breki. Tupeni.

Jinsi anavyofanya kazi: tangazo lina picha safi sana, nati zimepangwa kwenye vifuko vyenye lebo za Kiingereza. Ukimpigia, ni mtu mwenye lugha nzuri, anakuita bosi, anauliza gari ni la mwaka gani, anakwambia anayo seti ya gari hilo hilo. Haulizi ukubwa wa meno. Haulizi mdomo wa paipu ukoje. Kwangu hiyo peke yake inatosha kumkata simu, kwa sababu Land Rover ya umri huo imeshapita mikononi mwa mafundi wengi. Moja ina masta silinda ya gari jingine, nyingine imewekwa silinda za mbele za miaka ya baadaye ambazo tayari ni za milimita. Hakuna mtu duniani anayeweza kukupa seti kamili kwa kusikia mwaka tu. Anasema stoo yake iko Gerezani, mtaa wa spea kule Dar, lakini ukimwambia utatuma ndugu yako wa Dar apitie, yuko safarini. Hela inalipwa yote kabla, na jina linalotokea kwenye simu si lake, anakwambia ni la kijana wake wa dukani. Mzigo unakuja kweli kwa basi, na hapo ndipo watu wanapomwamini na kumsifia kwenye kundi. Ukilalamika, kwanza anasema fundi wako hajui kazi. Ukimbana anakubali kukutumia seti nyingine, ila uongeze kidogo ya usafiri. Ukiongeza, namba haipatikani tena.

Jina na namba siandiki. Anabadilisha vyote, na namba ya leo kesho inaweza kuwa ya mtu asiyehusika. Mtambueni kwa mwenendo huo.

Wengi wenu tulionana kwenye tamasha la Land Rover hapa Arusha Oktoba 2024, na najua mnavyohangaika na hizi nati. Kwa hiyo niseme ninachofanya mimi gereji. Nati ya zamani siitupi. Kinachooza ni paipu, nati yenyewe mara nyingi ni nzima. Loweka mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, kata paipu karibu na nati ili upate kuvisha spana ya ringi badala ya spana wazi inayokula kona, fungua, toa kipande kilichobaki, sugua meno kwa brashi ya waya, kagua. Nati za namna hiyo zimerudi barabarani na hazijanidai chochote. Ikiwa imekufa kweli, nenda nayo dukani mkononi, iwe Gerezani au Kirinyaga Road kule Nairobi, pamoja na silinda yake kama inafunguka. Nati iingie kwa vidole mpaka mwisho, bila kucheza na bila kugoma. Ukiwa na geji ya meno, ilaze, meno 24 yakae bila mwanga kupita. Venia, kifaa cha kupimia unene, isome 9.5, si karibu na 10.

Na mchungulie kitako ndani ya tundu. Kama kuna koni inachomoza, paipu inataka mdomo uliokunjwa mara mbili. Kama kimechimbika kuingia ndani, inataka mdomo wa duara uliovimba. Ukichanganya, itavuja hata kama nati ni sahihi, na kukaza zaidi hakusaidii.

Baada ya kufunga, washa gari, kanyaga pedali kwa nguvu zote na ushikilie dakika nzima, mwenzako akiwa chini na tochi anapangusa kila nati kwa kitambaa kikavu. Unyevu wowote, gari halitoki.

Waliotapeliwa: ujumbe wake wa kudai hela utume kwenda 15040, ndiyo namba ya kuripoti utapeli wa simu. Nenda polisi uchukue RB, beba risiti ya muamala, stakabadhi ya kifurushi cha basi na nati zenyewe. Msizitupe kwa hasira, ni ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili ya watu wa aina hii, lakini bila malalamiko yaliyoandikishwa hakuna wa kumfuata. Bidhaa bandia pia zinapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC.

Mwenye pakiti yake na hana uhakika, aliye Arusha, Moshi au Babati, aje nazo nizipime. Sitachukua hela. Aliye mbali apige picha ya nati imelala pembeni ya rula, meno yaonekane vizuri kwenye mwanga wa mchana, aiweke hapa chini nimjibu.