Njumu za raga za mtumba mjini Goma: zipi za kununua, zipi za kuacha

Marobota ya viatu yanayofunguliwa mtaani Birere na kwenye soko la Virunga hutoa njumu za raga mara kwa mara, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa viwanja vya Ulaya vyenye udongo laini. Goma ni mji wa mawe. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati yake hadi ziwani, na viwanja vingi vya mtaani bado ni mchanga mweusi juu ya mwamba. Kiatu kinachosifiwa kwingine hapa kinaweza kuumiza.

Zinazovutia macho ni zile za meno ya alumini ya kufunga na kufungua chini ya soli kama skrubu. Ziache, isipokuwa kama timu yenu ina uwanja wa nyasi wenye udongo mzito. Kwenye ardhi ngumu jino haliingii chini, hivyo uzito wote wa mwili unakaa kwenye ncha sita au nane: unyayo unaungua, kifundo kinayumba, na kwenye skramu, timu mbili zinaposukumana zikiwa zimeshikana, mguu unateleza pale pale unapotakiwa kusukuma. Chukua zenye meno mafupi ya mpira yaliyoungana na soli, na kadiri meno yanavyokuwa mengi ndivyo bora. Kwa uwanja wa Goma hizo ndizo zinazostahili pesa yako, hata kama rangi imefifia.

Kabla ya kutaja bei, kunja kiatu kwenye vidole. Pakifunguka mwanya kati ya ngozi na soli, gundi imekufa. Hilo linatengenezeka: fundi akwangue pande zote mbili kwa msasa, apake gundi, asubiri hadi isinate kidoleni, abane, akiache siku nzima, kisha ashone ukingo kwa uzi wa nailoni. Lakini soli ikimeguka kama mkate mkavu ukiibonyeza kwa ukucha, rudisha. Kiatu kimezeeka kikiwa stoo na hakuna fundi wa kukiokoa. Kinachoudhi zaidi ni rangi nyeusi ya kiwi iliyopakwa nene juu ya nyufa. Ifute kwa kitambaa palepale, na anayekataa usifute anakuambia kilichopo chini.

Namba zinadanganya. Namba 8 ya Uingereza huwa karibu na 42 yetu, ila kila kiwanda kina kipimo chake, na kwenye robota kushoto kunaweza kuwa 42 na kulia 43. Soma lebo zote mbili, jaribu jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa na soksi za mechi.

Kama lazima uchukue za alumini, fungua kila jino kwa ufunguo wake. Linalozunguka bila kutoka uzi wake wa skrubu umelika, na litang'oka katikati ya mchezo. Sheria ya World Rugby, shirikisho la raga duniani, inaruhusu jino lisilozidi milimita 21.

Baada ya mazoezi, toa soli ya ndani na ukung'ute mchanga, maana mchanga wa lava unasaga nyuzi za mshono. Jaza magazeti, anika kivulini. Ukikiweka karibu na mbabula, yaani jiko la makaa, gundi inaachia.

Na lipo kosa moja lisilovumilika: kuvaa njumu za alumini kutoka nyumbani, kutembea nazo juu ya mawe, au kukanyagia lami kila pikipiki inaposimama. Jiwe linakata ukingo wa jino na kuacha makali kama wembe, na anayechanika sikio au mkono ni mwenzako aliyelala chini kwenye raki, wachezaji wanapogombea mpira ulio chini. Beba njumu kwenye mfuko, fika na sandali. Kabla ya mechi pitisha ukucha kuzunguka kila jino. Ukikwama, lainisha kwa tupa, na lililoliwa upande mmoja libadilishe.